Siku 10 za Shaba na Kiberiti

Mama mkwe wangu anakaa Likasi, ila biashara yake iko Kapolowe. Samaki wakiwa wengi anateremka kwetu, ananunua tilapia na kambale kwa wavuvi wa ziwa Tshangalele, anawapasua, anawatia chumvi, anawaanika kwenye chanja uani, na wakishakauka anawapanga kwenye beseni na kurudi nao sokoni kwake. Analala katika nyumba ndogo ya nyuma, aneksi, kwa sababu kwa desturi yetu mkwe na mama mkwe hawabanani. Hatutazamani usoni. Hatuketi tukaelekeana. Neno lake kwangu hupitia kwa binti yake, hata kama nimesimama hatua mbili kutoka alipo.

Ndiyo maana Jumapili ile asubuhi, kikwembe chake cheupe cha misa kikiwa kimejaa nyayo nyeusi za makala tangu pindoni hadi kiunoni, na samaki wake wametapakaa kwenye matope, hakunigeukia mimi. Aliutazama mwembe, akasema na mke wangu kwa sauti ileile ya kila siku: "Mwambie bwana yako: kati ya mimi na hizi imbwa, achague."

Na mbwa wenyewe tuliwaleta kwa ajili ya samaki wake. Chanja ikibaki wazi usiku inavuta mikono, na jirani yetu mvuvi alituambia kwamba mwenzake wa kambini ana jike aliyezaa katikati ya matete. Ziwa lile limetokana na Lufira, mto uliozuiwa na bwawa la Mwadingusha mwaka 1930 ili kuwe na umeme wa migodi. Maji yakatanda juu ya mbuga, na wavuvi wakajenga kambi zao pembezoni. Katika kambi ya namna hiyo mtoto wa mbwa anamjua mama yake, anamjua mvuvi mmoja, anajua harufu ya samaki na sauti ya kasia. Gari halijui. Mtoto wa shule hamjui. Hawa wetu walifika wakiwa na umri wa miezi kama minne, ndani ya kikapu chenye mfuniko, wakitetemeka hadi kikapu chenyewe kinatikisika.

Mmoja alikuwa na manyoya mekundu yanayong'aa, akaitwa Shaba, jina ambalo Katanga nzima ililibeba wakati wa Zaire. Wa pili aliruka nje kabla mfuniko haujafunguka vizuri, akauma kamba ya kiatu changu, akazunguka uwanja mbio, akaigonga mbabula, jiko letu la makala, akarudi kuuma kiatu cha pili. Watoto hawakuhitaji kikao: Kiberiti.

Majuma yaliyofuata yalikuwa na pilikapilika. Kiberiti alimrukia kila aliyeingia, hata mama wa jirani aliyekuja kuomba chumvi. Alishika visigino vya watoto wakikimbia, na kadiri walivyopiga kelele ndivyo alivyoshika zaidi. Ikifika jioni, saa ya kusonga bukari, yaani ugali wetu, alipandwa na wazimu wa mbio: mkia umebanwa, masikio nyuma, anazunguka nyumba na kupita juu ya kila kilichokuwa chini. Shaba naye alikaa nyuma ya magunia ya makala akichungulia. Mtu mzima akimwinamia kumshika kichwa, alijilaza chali na kujikojolea.

Mashauri yalikuja bure, na mengi. Mzee mmoja aliniambia mkojo ule ni ukaidi, achapwe mara moja tu ataacha. Mwingine alisema mbwa wa kulinda hulishwa pilipili tangu mdogo ili awe mkali. Haya si maneno ya watu wabaya; ni maneno ya watu walioona mbwa wakifugwa hivyo tangu utoto wao. Lakini mimi siyakubali, na sababu zangu nazisema wazi. Mtoto wa mbwa anayejikojolea mbele ya mtu anasema kwa lugha pekee aliyo nayo: mimi ni mdogo, usinidhuru. Mama yake angeuelewa ujumbe huo na kumwacha. Ukimchapa kwa kuomba amani, kesho ataomba kwa nguvu zaidi, na siku moja, akiona maombi hayapokelewi, atatumia meno. Pilipili nayo inamfundisha kwamba mkono unaoleta chakula unaleta moto.

Kuhusu Kiberiti, jambo lilikuwa jepesi kuliko tulivyodhani. Mtoto wa mbwa hulala saa 18 au hata 20 kati ya 24. Kiberiti hakulala hivyo. Watoto walimwamsha walipotoka shule, wakamrushia fimbo, wakambeba, wakamkimbiza hadi jua linazama. Ile mbio ya jioni haikuwa nguvu zilizozidi. Ilikuwa uchovu. Mke wangu, ambaye amelea watoto wengi kuliko mbwa, ndiye aliyeona hivyo kwanza. "Huyu hajalala," alisema, akamfungia kwenye chumba cha giza chenye kitambaa cha zamani. Kiberiti alilia kidogo, akaanguka usingizini mpaka usiku.

La Shaba lilikuwa zito. Mwaka 1961 jarida la Marekani liitwalo Science lilichapisha jaribio la Daniel Freedman, John King na Orville Elliot. Walilea watoto wa mbwa katika uwanja mkubwa uliozungushiwa uzio mrefu, bila kuonana na watu. Wengine walitolewa na kuzoeshwa watu wakiwa na wiki 2, wengine 3, 5, 7 au 9, na wengine hawakuguswa na mtu hadi wiki ya 14. Waliotolewa katika wiki za katikati walizoea watu. Wale wa wiki ya 14 walimkimbia binadamu kama wanyama wa porini. Tangu hapo wafugaji wengi wanajua kwamba kuanzia wiki ya 3 hadi karibu ya 12 au ya 14 ndipo mtoto wa mbwa anapoamua ni vitu gani katika dunia ni vya kawaida. Baada ya hapo, kila kigeni ni hatari mpaka kithibitishwe vinginevyo. Shaba na Kiberiti walitoka kwenye matete wakati huo umekwisha. Kiberiti aliikabili hofu kwa kuishambulia dunia, Shaba kwa kuikimbia. Ila shina lilikuwa moja.

Na dunia waliyoletwa ina kelele. Barabara ya taifa namba 1 inapita Kapolowe, na malori ya madini kati ya Kolwezi, Likasi na Lubumbashi hayajui usiku. Reli ya SNCC iko hapahapa, behewa kwa behewa, chuma juu ya chuma. Kuna kengele ya misheni, urithi wa Wabenediktini wa abasia ya Sint-Andries ya Bruges waliofika Katanga mwaka 1910. Halafu, kuanzia Novemba, kuna radi. Watu wa Kivu wanaweza kutucheka, maana kwao Kabare kunapiga radi zaidi ya 200 kwa mwaka katika kila kilomita moja ya mraba, na hakuna mahali Afrika panapoizidi. Lakini radi ya Katanga mwanzoni mwa masika, ikishuka juu ya mabati baada ya miezi ya kiangazi kikavu, inamtosha yeyote. Sikio la mbwa hunasa milio myembamba ambayo sisi hatuisikii kabisa. Na wengi huanza kuhangaika kabla wingu halijafika, upepo unapogeuka tu.

Jumamosi usiku ilipiga. Ngurumo ya kwanza ilifuatana na treni ya mizigo, sauti juu ya sauti, na ardhi ikatikisika. Kiberiti alianza kubweka na kuruka ukuta kwa ukuta. Shaba aliona mdomo wa gunia la makala umelegea, akajichimbia humo hadi akapotea. Mvua ilimwagika. Umeme wa nyumbani ukakatika. Radi ya mwisho, ile ya karibu, iliwatoa wote wawili: walipita chini ya chanja iliyofunikwa turubai, mguu wa chanja ukang'oka kwenye tope, na samaki wa mama mkwe, waliokuwa wamebakiza siku moja ya jua, wakashuka wote na maji.

Usiku ule hakuna aliyeiona hasara hiyo. Alfajiri mama mkwe alitoka aneksi amevaa kwa ajili ya misa ya kwanza, na kitu cheusi kilitoka nyuma ya kinu kikamkimbilia miguuni, kikamparamia kutafuta pa kujificha. Ni Shaba. Kati ya watu wote wa nyumba ile, alimchagua yeye. Mtoto wa jirani aliyekuja kuteka maji alipiga yowe, Shaba akaruka chini, akapenya uzio, akaenda.

Hapo ndipo yale maneno yaliposemwa chini ya mwembe. Sikujibu. Nilimwomba mke wangu amwambie mama kwamba samaki nitawalipa, na beseni jipya nitanunua, na la mbwa tutalizungumza nikishampata aliyepotea.

Tulifuata reli kuelekea daraja la Lufira, mimi na mwanangu wa kati, mwenye miaka tisa. Nyayo zilionekana kwenye udongo mwekundu uliolowa, zikapotea kwenye kokoto, zikaonekana tena. Tulimkuta ndani ya kalvati chini ya tuta, amejibana mahali ambapo mtu mzima hafiki. Macho yake yalikuwa meupe pembeni. Mwanangu alikuwa ndani ya kalvati kabla sijamshika shati. Alinyoosha mkono kumvuta kwa shingo, na Shaba, asiye na njia ya nyuma, akamng'ata kidoleni. Haikuwa kubwa, lakini damu ilitoka.

Nataka kila mzazi anayesoma asimame hapa kidogo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Duniani kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na watoto wa chini ya miaka 15 ni wengi mno kati yao. Lakini kinazuilika ukiwahi. Jeraha linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Si kupaka majivu, si kufunga jani, si kukamulia ndimu. Sabuni na maji, kisha kituo cha afya siku hiyohiyo. Tuliosha kwenye bomba la kwanza tuliloliona, nikihesabu dakika kwa saa ya simu huku mwanangu akilalamika kwamba mkono umekufa ganzi.

Kituoni, nesi alimwanzishia chanjo. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: mbwa yuko wapi? Majirani waliotufuata hadi hapo walishaamua: mbwa aliyeuma mtoto auawe leo. Nesi alikataa kabisa. Mbwa akiuawa, alisema, hatutajua kitu. Afungwe mahali salama, alishwe, anyweshwe, aangaliwe siku 10. Mbwa aliyekuwa na kichaa kwenye mate yake siku ya kuuma hafiki siku ya 10 akiwa mzima. Akifika mzima, sindano za mtoto zitasimamishwa.

Basi uchaguzi wa mama mkwe uliahirishwa kwa amri ya kituo cha afya. Mimi mwenyewe nilirudi kwenye kalvati na kumtoa Shaba kwa kipande cha samaki na subira ya mchana mzima. Mbwa wote wawili walifungiwa kwenye kibanda kilichokuwa cha mbuzi, pembeni mwa aneksi, mlango wa mbao wenye nafasi kati ya mbao na mbao. Watoto walikatazwa kusogea peke yao. Na kwa kuwa matengenezo ya chanja na samaki wapya yalimhitaji, mama mkwe naye alibaki.

Siku za kwanza Shaba hakula mbele ya mtu. Nilikuwa nikimfikiria Pavlov, yule Mrusi wa mbwa na kengele, ambaye kitabu cha shule humwacha mapema mno. Mwezi Septemba 1924 mafuriko yaliingia maabara yake mjini Leningrad. Mbwa walikuwa kwenye vizimba, maji yakapanda hadi wakawa wanaogelea pua zikigusa dari, na wafanyakazi iliwabidi kuwazamisha kichwa ili kuwapitisha kwenye milango iliyokuwa chini ya maji. Walipona, lakini baadhi yao walisahau mambo waliyokuwa wamefundishwa kwa miezi. Baadaye Pavlov alipomwaga mfereji mdogo wa maji upite chini ya mlango, mbwa aliyekuwa ametulia alirudi kwenye hofu ileile ya usiku wa mafuriko. Hofu ilikuwa imefuta mafunzo. Hakuna fimbo wala amri inayoweza kuingia kichwa kikiwa katika hali hiyo. Kwanza kitulie, ndipo kijifunze.

Aliyekitoa kichwa cha Shaba katika hali hiyo hakuwa mimi.

Mama mkwe alipasulia samaki wake kivulini, karibu na kibanda, kwa sababu kivuli kilikuwa pale. Alikaa kwenye kigoda akiwa ameupa mlango ubavu. Hakumtazama mbwa, hakumwita, hakumpigia mluzi. Kisu kilikwenda polepole. Mara moja moja, bila kugeuka, alirusha kipande kidogo cha nyama ya samaki kisicho na mwiba kati ya mbao. Siku ya kwanza vipande vilikusanya nzi. Iliyofuata vilitoweka alipokwenda kunawa. Kisha vikawa vinaliwa akiwepo. Halafu mke wangu akaniita nichungulie dirishani: Shaba alikuwa amelala, tumbo chini, pua kati ya mbao mbili, karibu kabisa na goti la mama.

Kila kitu ambacho desturi ilimfundisha kunifanyia mimi, alikifanya kwa mbwa mwenye hofu: usimkazie macho, usimwelekee kifua, usimsogelee, mwache aje kwa hiari yake, na sauti iwe chini. Nilimwomba mke wangu amuulize kama alifanya makusudi. Jibu lilirudi: "Kiumbe anayekuogopa unamheshimu kwanza. Asipoheshimiwa atakujua vipi?"

Kuanzia hapo tulifuata njia yake, tukaongeza yetu. Treni ilikuwa mwalimu mzuri kwa sababu unaisikia kutoka mbali. Ilipoanza kuvuma, samaki walianza kuanguka kibandani, kipande baada ya kipande. Ilipopita, samaki wakaisha. Si kabla, si baada. Katika siku chache masikio ya Kiberiti yalikuwa yakiinuka kwa mvumo wa reli, na badala ya kubweka alitazama mikono yetu. Kwa radi tulipiga sufuria kwa kijiko, mbali sana, polepole, hata haimshtui mtu aliyelala, na kila mlio ukaja na kitu cha kutafuna. Ikiwa Shaba aliacha kula, maana yake tumesogea mno, tukarudi nyuma. Kibandani tukaweka sanduku lililofunikwa blanketi, na sheria: akiwa humo, hakuna wa kumgusa.

Watoto walipewa kazi ngumu kuliko zote, ya kusimama. Kiberiti akikurukia, simama, kunja mikono, tazama juu, usiseme neno. Miguu yake yote minne ikigusa chini, ndipo unamsemesha. Mwanangu mwenye kidonda aliifanya vizuri kuliko wenzake, pengine kwa kuwa hakuwa na haraka tena. Kabla ya chakula Kiberiti alingojea mpaka anakaa mwenyewe, na sahani ikashuka alipokaa. Hakuna aliyemsukuma matako chini. Aligundua mwenyewe, na ugunduzi wake ulidumu.

Wapo wanaosema ukimtuliza mbwa anayeogopa unamfundisha kuogopa. Nimelisikia hata kwa watu waliosoma. Hofu si ujanja unaolipwa mshahara. Mvua iliporudi katikati ya wiki, mke wangu alikaa sakafuni mwa kibanda na Shaba akajibana ubavuni mwake. Hakuwa mbaya zaidi baada ya hapo. Aliacha kutetemeka mapema kuliko usiku ule wa makala.

Siku ya 10 wote wawili walikuwa wazima, wanakula, wanakunywa. Nesi alisimamisha sindano. Baadaye tuliwapatia mbwa chanjo yao, ambayo kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi mitatu, na jirani yule aliyetaka Shaba auawe alileta wa kwake kwenye foleni. Nilifurahi kumwona pale. Inatakiwa karibu mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe ili ugonjwa usiwe na pa kupita, na Kapolowe hatujakaribia.

Sitadanganya kwamba Shaba amepona. Wingu likijenga upande wa ziwa, anaingia kwenye sanduku lake kabla yetu, na lori likifyatua pumzi ya breki barabarani bado anaruka. Mtu mgeni akimwinamia bado anajilaza, ingawa hajikojolei. Kiberiti sasa hulala mchana, na usiku analinda chanja bila kuiangusha.

Mama mkwe alipokuwa akifunga beseni jipya kwa safari, nilimtumia ujumbe: kama anampenda Shaba, ni wake, amchukue Likasi. Mke wangu alikwenda aneksi na kurudi.

"Anasema hapana. Likasi kuna kelele mingi, huyu atakufa kwa hofu. Anasema abaki hapa. Sufuria ipigwe jioni, si asubuhi. Watoto wa jirani wasimbebe. Chanja ihamishwe upande wa mwembe kabla ya mvua ijayo." Akasita. "Na anasema samaki waliomwagika ni kilo nyingi kuliko ulizolipa."

Nikamhesabia zilizobaki.